Likizo ileile, mmoja ananenepa mwingine anakonda: jibu kwa mama wa watoto wawili

Swali: Shule zinafungwa mwanzoni mwa Desemba na watoto watakaa nyumbani wiki tano hivi. Binti yangu ana miaka 9, kilo 36, urefu sentimita 134. Mdogo wake wa kiume ndiyo kwanza ametimiza miaka 4, ana kilo 13.2, na kadi yake ya kliniki inaonyesha uzito huohuo tangu Agosti. Likizo ya Juni dada mtu alirudi shule sketi haifungi, mdogo akawa amepungua. Mimi na baba yao tunatoka Mbagala saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa moja na nusu usiku, wanabaki na dada wa kazi. Wiki mbili za katikati wataenda kwa bibi yao Muheza. Niwalishe nini wakue vizuri wote wawili? Na je, mdogo nimpe dawa ya kuongeza hamu ya kula? (Mama Nasra, Dar es Salaam)

Jibu:

Mama Nasra, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye hatari. Usimpe. Dawa nyingi za maji zinazouzwa kwa kazi hiyo, ukisoma chupa utakuta neno cyproheptadine. Hiyo ni dawa ya mzio. Kumtia mtu njaa ni athari yake ya pembeni tu. Inamsinzisha mtoto, mchana analala wakati wenzake wanacheza, na uzito anaoupata mara nyingi huondoka dawa ikikoma. Kubwa zaidi, inaficha sababu ya uzito wa mtoto kusimama, na sababu ndiyo tunayoitafuta.

Mtoto wa miaka 4 hutarajiwa kuongeza kilo 2 hivi kwa mwaka, yaani gramu 160 hadi 170 kila mwezi. Tangu Agosti wako angekuwa ameshaongeza karibu nusu kilo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mvulana wa wastani wa miaka 4 kamili ana kilo 16.3, na mstari wa tahadhari uko kwenye kilo 12.7. Kwa hiyo mwanao bado yuko juu ya mstari, lakini kwenye kadi tunaangalia zaidi mchoro unaelekea wapi kuliko nukta ya leo iko wapi. Mchoro uliolala miezi mitatu unataka mtu wa kumchunguza mtoto kabla ya mtu wa kumpikia.

Mpeleke kliniki kabla shule hazijafungwa, na ukifika usiseme tu "hali vizuri". Sema: "Hajaongezeka uzito tangu Agosti." Waombe wapime urefu, mzingo wa mkono kwa ule utepe wenye rangi, na wekundu wa damu. Kinyesi na mkojo navyo vipimwe. Kama amekohoa zaidi ya wiki mbili au kuna mtu nyumbani anayekohoa hivyo, waambie, maana uzito kusimama ni mojawapo ya dalili za kifua kikuu kwa watoto. Kama hajawahi kupimwa selimundu na virusi vya UKIMWI, ni wakati wake. Kwenye utepe, kwa mtoto wa chini ya miaka 5, chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo wa kadiri, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaotakiwa kutibiwa siku hiyohiyo.

Desemba imekuja vizuri kwa jambo jingine. Tanzania Juni na Desemba ndiyo miezi ya afya na lishe ya mtoto: watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone ya vitamini A, na kuanzia miezi 12 wanapewa dawa ya minyoo, bila malipo. Huyo wako bado yumo. Binti wa miaka 9 hayumo kwenye zoezi hilo, dawa yake ya minyoo hutolewa shuleni. Ulizia kama aliipata mwaka huu. Ukiwa hapohapo uliza pia chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo sasa ni dozi moja kwa wasichana wa kuanzia miaka 9.

Kilichotokea Juni

Umeuliza uwalishe nini. Chakula nitakifikia, ila kwanza tuelewe ilikuwaje nyumba moja, jiko moja, likizo moja, ikatoa matokeo mawili yanayopingana.

Utafiti wa Marekani uliofuatilia watoto walioingia chekechea mwaka 2010 hadi walipofika darasa la pili ulikuta kwamba idadi ya wenye uzito uliozidi ilipanda wakati wa likizo za kiangazi, wala si miezi ya masomo. Na si kwamba shule zao zinapika chakula cha ajabu. Shule ina kengele. Kuna saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kukimbia uwanjani, na masaa mengi katikati ambayo mtoto hawezi kufungua friji wala kutumwa dukani akajinunulia biskuti. Likizo inaondoa kengele.

Sasa iangalie siku ya likizo nyumbani kwenu. Nyinyi mnarudi saa moja na nusu, watoto wanawasubiri, chakula kinaliwa saa tatu, televisheni inazimwa saa tano. Asubuhi wanaamka saa nne. Chai inanywewa saa tano, halafu chakula cha mchana kinakuja saa nane wakati mdogo bado ameshiba mandazi. Anadonoa. Jioni anapewa juisi ya pakiti atulie, na usiku saa tatu anakula huku anasinzia. Mtoto aliyekuwa na milo mitano midogo sasa ana miwili na nusu, na tumbo lake ni dogo, haliwezi kufidia kwa mlo mmoja mkubwa. Dada yake tumbo lake linaweza. Yeye anakula sahani nzima usiku na kulala nayo, mchana anakaa mbele ya katuni na kitu mkononi, na hakuna mapumziko ya saa nne ya kukimbia.

Ongeza na sinia. Watoto wa umri tofauti wakila sinia moja, wa miaka 9 anatia tonge mbili wakati wa miaka 4 bado anapuliza la kwanza. Mtu mzima akitupia macho anaona sinia limeisha, anaridhika kwamba wote wamekula. Sinia halimwambii nani amekula nini. Hili peke yake linaweza kueleza nusu ya mliyoyaona Juni, na dawa yake haina gharama: kila mtoto na sahani yake, likizo nzima, na kwa bibi pia.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza ni kurudisha kengele. Mvute dada wa kazi upande wako kwa jambo hili. Yeye ndiye atakayekuwa nao masaa kumi na manne, si wewe. Kaa naye jioni moja, mpange pamoja, muandike kwenye karatasi na kuibandika jikoni. Msimpe maagizo ishirini. Haya yanatosha: watoto wanaamka saa moja asubuhi, chai saa moja na nusu, kitu kidogo saa nne, chakula cha mchana saa saba, matunda au kitafunwa saa kumi, na chakula cha usiku saa moja bila kuwasubiri nyinyi. Najua hilo la mwisho linauma, kula na watoto ni raha ya wazazi. Lakini mkirudi saa moja na nusu mnaweza kukaa nao saa nzima, kuwaogesha na kupiga nao hadithi wakiwa wameshiba, na nyinyi mkala baadaye. Mlo wa pamoja uwekeni Jumamosi na Jumapili.

Mdogo awe kitandani saa mbili na nusu, dada yake saa tatu. Wa miaka 4 anahitaji usingizi wa masaa 10 hadi 13 kwa siku, akijumlisha na wa mchana. Wa miaka 9 anahitaji 9 hadi 12. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi kwenye ule usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na mtoto anayelala usiku wa manane na kuamka saa nne huvuruga pia saa za njaa. Siku za wageni au harusi mnaweza kusogeza, ila saa moja tu. Televisheni na simu zizimwe saa nzima kabla ya kulala, na zisiwashwe wakati wa kula. Mdogo asizidishe saa moja ya katuni kwa siku.

Kama wana madrasa au tuisheni ya nusu siku, waacheni waende. Watu hugombana sana juu ya tuisheni za likizo, na kwa upande wa masomo sitii neno. Kwa upande wa mwili, kitu chochote kinachomtoa mtoto kitandani saa moja na kumtembeza kwa miguu kinasaidia, mradi hakiondoi mchezo wa jioni.

Sahani ya mdogo

Chungu kiwe kimoja. Msianze kupika vyakula viwili, dada wa kazi atachoka wiki ya kwanza. Tofauti iwe kwenye kinachoongezwa sahanini.

Tuanze na uji, kwa sababu ndipo akina mama wengi wanapopoteza nguvu zao. Uji mwepesi wa kikombe, wenye unga gramu 100 kwa lita ya maji, una kalori 35 tu kwa kila mililita 100. Mtoto akinywa kikombe cha mililita 250 amepata kalori 90 hivi na tumbo limejaa maji. Upike hivi, kwa kikombe kimoja cha saa nne:

Chukua vijiko 3 vya mezani vya unga wa mahindi au wa ulezi, uvuruge kwa maji baridi hadi usiwe na madonge, kisha umimine kwenye maji yanayochemka. Maji yote yawe mililita 200. Pika kwa moto mdogo dakika 15 huku ukikoroga. Tia maziwa mililita 100, acha yachemke tena, epua. Hapo ndipo unakoroga kijiko 1 cha mezani cha karanga zilizosagwa laini na kijiko 1 cha chai cha sukari. Kijiko hicho cha karanga peke yake kina kalori zaidi ya 90. Kikombe kizima kinafika karibu 280 na protini gramu 10, mara tatu ya uji ule wa kwanza.

Utakuwa mzito, na mtoto anaweza kuukataa kwa uzito wake. Usiongeze maji. Uache upoe kidogo, uweze kuuonja bila kuungua, kisha koroga nusu kijiko cha chai cha unga wa kimea cha ulezi. Ndani ya dakika chache unalainika wenyewe, maana kimea kinavunja wanga. Ukishalainika urudishe motoni uchemke, kwa kuwa nafaka iliyooteshwa hubeba vijidudu.

Na ile "uji wa lishe" ya kuchanganya mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya na karanga kwenye mfuko mmoja, iache. Nafaka tano hazimpi mtoto zaidi ya nafaka moja nzuri, zote ni wanga. Soya isiyochemshwa kabla ya kukaushwa na kusagwa ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, na dakika chache za uji hazitoshi kuviua. Matokeo yake ni tumbo kujaa gesi na kuharisha. Karanga zikisagwa mbichi ndani ya unga zinachacha, na zikiwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hutaiona wala kuionja. Sumukuvu haifi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na kwa kiasi kidogo cha kila siku inahusishwa na watoto kudumaa. Nunua mahindi na karanga za wiki moja au mbili, zichague kwa mkono, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kaanga karanga kisha saga peke yake. Karanga nzima asipewe bado, mtoto wa umri huo zinaweza kumpalia.

Mchana apate wali au ugali robo tatu ya kikombe hadi kikombe kimoja, maharage au mchuzi wa samaki nusu kikombe, mboga vijiko vitatu vinne, na juu yake kijiko cha chai cha mafuta au tui zito. Mafuta hayo yanaongeza kalori 40 bila kuongeza ukubwa wa chakula, na vitamini A ya mchicha au matembele haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Yai moja kila siku ukiweza, usipoweza siku nne kwa wiki.

Siku ambazo mayai yamepanda bei, dagaa hawakuangushi. Watoe vichwa, waoshe mara tatu mchanga uishe, wakaushe kwa moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole, wasage na uwachekeche. Vijiko 2 vya mezani vya unga huo kwenye mchuzi wa maharage vinakaribia protini ya yai, na kwa kuwa mifupa imesagwa humo anapata na madini ya chokaa. Ukitumia dagaa wa chumvi, usitie chumvi tena.

Vitu viwili vinaharibu kazi yote hiyo. Cha kwanza ni juisi, biskuti na uji unaotolewa nusu saa kabla ya mlo; acheni masaa mawili na nusu hadi matatu kati ya mlo na mlo, katikati anywe maji tu. Cha pili ni chai ya rangi pamoja na chakula. Chai inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasiingie mwilini. Asubuhi mpe maziwa, na chai kama lazima inywewe saa moja baada ya kula. Maharage yakifuatwa na chungwa au embe, mambo yanageuka, chuma kinaingia zaidi.

Msimlazimishe. Mlo ni dakika 20 hadi 30, mtu amekaa naye. Akishasema basi mara mbili, sahani inaondoka bila maneno na mlo ujao unakuja kwa saa yake. Mtoto anayefukuzwa na kijiko nyumba nzima anajifunza kukataa.

Binti

Kilo 36 ukigawanya kwa 1.34 mara 1.34 unapata 20. Hiyo ndiyo BMI yake, yaani uzito wake ukilinganishwa na urefu. Kwa msichana wa miaka 9, WHO inaanza kuhesabu uzito uliozidi kwenye 18.3 na unene wa kupindukia kwenye 21.5. Yuko katikati, amezidi kidogo, hajavuka. Hahitaji kupunguzwa hata kilo moja. Wasichana wa umri wake huongeza sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akibaki kilo 36 na kufika sentimita 140, BMI inashuka hadi 18.4, na kwa miaka 10 mstari wa uzito uliozidi ni 19. Urefu utafanya kazi yenyewe, nyinyi mnazuia tu uzito usikimbie. Kumnyima chakula umri huu ni kumnyima huo urefu.

Kisa kikubwa kwake ni vinywaji. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, vijiko vya chai tisa. Mtoto anayehitaji kalori kama 1,700 kwa siku hatakiwi kuzidisha gramu 42 za sukari ya kuongezwa, sasa chupa moja imemaliza siku. Juisi za pakiti hazina tofauti kubwa, na juisi ya ukwaju au ubuyu ya nyumbani inategemea mkono wa mpishi. Kwa siku za kawaida maji, lita 1 hadi 1 na nusu, na joto hili la Desemba zaidi kidogo. Soda iwe ya Jumapili.

Sahani yake: nusu mboga na matunda, robo wali au ugali, robo maharage, samaki au nyama. Akitaka kuongeza, anaongeza mboga au maharage, wali hauongezwi. Asubuhi, badala ya mandazi matatu, viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha na yai. Chipsi mayai mara moja kwa wiki haijamdhuru mtu; kila jioni kwa sababu kibanda kiko nje ya geti ni jambo jingine.

Na tafadhali, neno "bonge" lisisikike nyumbani, hata kwa utani wa shangazi. Msimpe mboga kama adhabu huku mdogo wake anapakuliwa karanga mbele yake. Mwambieni ukweli: "Mdogo wako anatakiwa kuongezeka, ndiyo maana sahani yake ina mafuta." Mtoto wa miaka 9 anaelewa. Jueni pia kwamba wasichana wengi huongezeka uzito kidogo kabla ya matiti kuanza kuota, kati ya miaka 8 na 13.

Anachokosa zaidi ni kukimbia. WHO inataka dakika 60 kwa siku za mchezo wa kumtoa jasho, na siku tatu kwa wiki ziwe na kuruka, kwa ajili ya mifupa. Mdogo anahitaji masaa matatu ya kujichangamsha kwa siku, saa moja yake iwe ya nguvu. Pengine mnaogopa kuwatoa nje ya geti, na sawa, dada wa kazi peke yake hawezi kuwalinda barabarani. Basi kamba ya kuruka uani: mizunguko sita ya dakika kumi, asubuhi kabla ya saa nne na jioni kuanzia saa kumi na nusu jua likilegea. Mkipata watoto wa majirani watatu wanne, rede na kombolela zinamaliza hesabu bila mtu kushika saa. Elewaneni na mama wa jirani mmoja mpokezane zamu ya kukaa nje.

Muheza

Kijijini watakimbia wenyewe. Kinachobadilika ni hatari, na bibi si lazima aijue kwa jicho la mtoto wa mjini.

Malaria kwanza. Beba vyandarua vyenye dawa viwili vya kwenu, usitegemee vya huko. Mtoto akichemka, apelekwe zahanati siku hiyohiyo akatobolewe kidole, asisubiri kesho, na Panadol isiwe sababu ya kukaa nyumbani. Dawa mseto hupimwa kwa uzito: mdogo yuko kundi la kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1 kwa mara, dada yake wa kilo 36 yuko kundi la kilo 35 na zaidi, vidonge 4. Ndiyo maana hawawezi kugawana pakiti, na ndiyo maana uzito wao uandikwe kwenye karatasi anayokaa nayo bibi. Kila mmoja anywe dawa na chakula chenye mafuta au maziwa.

Viatu miguuni, hasa wakienda chooni na shambani, kwa ajili ya minyoo ya safura ambayo huingia kwa ngozi na kunyonya damu. Mtoni na kwenye madimbwi wasiogelee: kuna kichocho, na kuna kuzama. Kisima kifunikwe, na ndoo na mapipa yasiachwe wazi, mtoto wa miaka 4 anazama kimya kwenye maji yasiyofika magoti yako. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Akiyanywa, msimtapishe wala kumpa maziwa. Hospitali moja kwa moja, maana hatari ni yakiingia kwenye mapafu. Akiungua na uji, maji safi ya kawaida yamwagike dakika 20, wala si dawa ya meno wala yai.

Desemba ni msimu wa maembe, na ni zawadi kwa macho na kinga ya mdogo. Yaoshwe kabla ya kung'atwa. Akiharisha, mpeni ORS, pakiti kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mililita 100 hadi 200 kila baada ya choo, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumeacha siku ya tatu. Chakula kisisimame. Wiki moja ya kuharisha bila kula inafuta mwezi mzima wa uji wako.

Kuhusu sinia, mpigie bibi simu kabla hawajafika, usimwachie binti ujumbe. Mwambie kliniki imeagiza mdogo ale sahani yake ili ijulikane amekula kiasi gani. Bibi atakubali agizo la kliniki kwa urahisi kuliko utaratibu wa mkwe.

Kupima mwisho wa likizo

Urefu usiupime kila wiki. Kwa wiki tano mtoto anaongeza nusu sentimita tu, na kosa la kupima ukutani ni kiasi hichohicho. Uzito ndio utakaowaambia kitu, nao upimwe kwa mizani moja, asubuhi, baada ya choo na kabla ya chai, akiwa na chupi tu. Glasi moja ya maji ina gramu 200, zaidi ya anachotarajiwa kuongeza kwa mwezi.

Wiki ya mwisho anzeni kusogeza saa ya kuamka dakika 15 kila siku kuelekea saa ya shule. Mpimeni mdogo siku mbili kabla ya kufungua. Akiwa ameongeza gramu 400 au zaidi, amepata njia, endeleeni na uji wa saa nne hata baada ya shule kuanza. Akiwa kwenye gramu 200 bado ni mwendo wa kawaida tu, haulipi deni la Agosti. Rudi kliniki Februari. Akiwa hajaongeza chochote huku saa na sahani zimefuatwa, usisubiri Februari. Rudi wiki hiyohiyo na kadi, na uombe kuonwa na daktari na afisa lishe, si kupimwa mizani peke yake. Miguu ikivimba, ukiibonyeza kwa dole gumba sekunde tatu ikabaki shimo, au akikataa kila kitu siku nzima, hiyo ni ya kwenda siku ileile. Na binti akianza kunywa maji sana, kukojoa usiku na kupungua uzito ghafla, msishangilie kwamba amekonda. Mpelekeni akapimwe sukari siku hiyo.